Henri Chrétien: Mtaalamu wa Nyota Aliyepanua Picha za Sinema

Wengi wetu tumepata kuketi katika ukumbi wa sinema na kustaajabia picha iliyotanda kutoka ukuta huu hadi ule, lakini ni wachache wanaolijua jina la mtu aliyeliwezesha jambo hilo. Leo twamkumbuka Henri Chrétien, Mfaransa aliyezaliwa mjini Paris tarehe 1 Februari, 1879, ambaye kazi yake ya kwanza haikuwa sinema bali elimu ya nyota.

Chrétien alifanya kazi katika kituo cha kutazamia nyota cha Nice, kusini mwa Ufaransa. Yeye na Mmarekani George Ritchey walibuni aina ya darubini yenye vioo viwili vilivyopindwa kwa hesabu maalumu, nayo ndiyo iliyofuatwa katika kuunda darubini ya Hubble iliyorushwa angani mwaka 1990.

Ili tuifahamu kazi yake katika sinema, hatuna budi kulifahamu kwanza tatizo lenyewe. Picha katika filamu ya milimita 35 ni ndogo kama stempu, na zamani upana wake ulizidi kimo chake kwa theluthi moja tu. Mwenye kutaka kiwambo kipana aliweza kuikata picha juu na chini, kisha akaikuza ile iliyosalia. Lakini kadiri alivyoikuza, ndivyo chembechembe za filamu zilivyojitokeza. Ilikuwa sawa na kuongeza maji katika mchuzi: bakuli hujaa, ladha ikapungua.

Mwaka 1927 Chrétien alitoa jawabu lake, lenzi aliyoiita Hypergonar. Lenzi hiyo iliibana mandhari kwa upande hata ikawa nusu ya upana wake, huku kimo kikibaki vile vile. Katika filamu watu walionekana wembamba kama mianzi. Lakini projekta ilipowekewa lenzi ya namna hiyo, picha ilinyoshwa mara mbili na watu wakarudia maumbile yao. Hivyo upana ulipatikana, na hakuna sehemu ya filamu iliyopotea bure.

Mwongozaji Claude Autant-Lara aliijaribu lenzi hiyo katika filamu iliyotokana na hadithi ya Jack London. Hata hivyo, sinema zilikuwa zimeanza kusema, na wenye kumbi walikuwa wakigharimia mitambo ya sauti. Lenzi ikawekwa kando, na miaka ikapita hata haki za uvumbuzi wake zikaisha muda.

Televisheni ndiyo iliyoifufua. Watazamaji wa Marekani walipoanza kubaki majumbani, kampuni ya 20th Century-Fox ilimwendea mzee huyo mwezi Desemba, 1952, ikazichukua lenzi zake. Tarehe 16 Septemba, 1953, filamu ya The Robe ilionyeshwa mjini New York kwa jina la CinemaScope, upana wake ukiwa zaidi ya mara mbili na nusu ya kimo. Mwaka uliofuata Chrétien na wataalamu wa kampuni hiyo walipewa tuzo ya Oscar. Alikuwa na umri wa miaka 75. Alifariki mjini Washington mwezi Februari, 1956.

Je, somo lake limepitwa na wakati? La, hasha. Runinga nyingi za nyumbani zina safu 1,080 za vitone vya picha. Filamu pana ionyeshwapo humo, mistari miwili myeusi hutokea juu na chini, na safu zipatazo 800 tu ndizo zenye picha. Hasara aliyoipiga vita Chrétien imeturudia sebuleni. Basi mwenye kununua kiwambo kikubwa asiulize ukubwa wake tu, bali aulize pia kuna picha kiasi gani ya kukijaza. Hilo ndilo swali ambalo mtazama nyota yule alilijibu kwa kipande cha kioo, akangoja robo karne dunia imsikilize.