Paul Lazarsfeld: Msomi aliyepima nguvu za redio

Katika miaka ya 1930, wengi Ulaya na Marekani waliamini kwamba redio ingeweza kumgeuza msikilizaji vyovyote alivyotaka mwenye kushika kipaza sauti. Adolf Hitler alikuwa ametwaa mamlaka Ujerumani mwaka wa 1933, na propaganda ya serikali yake iliwafuata wananchi hadi majumbani. Paul Lazarsfeld, Myahudi na msoshalisti, alikuwa na kila sababu ya kuiogopa sauti hiyo. Hata hivyo, aliamua kuipima.

Lazarsfeld alizaliwa jijini Vienna, Austria, mwaka wa 1901, na akahitimu shahada ya uzamifu katika hisabati. Mwaka wa 1933 alikwenda Marekani kwa ufadhili wa Wakfu wa Rockefeller. Chama cha wasoshalisti kilipopigwa marufuku nchini mwake mwaka uliofuata, aliamua kulowea ugenini. Mnamo 1937 alikabidhiwa usimamizi wa mradi wa utafiti wa redio ulioanzia Chuo Kikuu cha Princeton, kisha ukahamia Columbia, New York.

Mwaka wa 1940, Franklin Roosevelt na Wendell Willkie walipowania urais, Lazarsfeld na wenzake walikwenda katika wilaya ya Erie, jimbo la Ohio. Kuanzia Mei hadi Novemba, waliwahoji wapiga kura 600, wale wale, kila mwezi. Walitarajia kuona jinsi redio na magazeti yalivyowabadilisha misimamo.

Matokeo yaliwashangaza. Zaidi ya nusu ya watu hao hawakuyumba, na waliohamia upande wa pili walikuwa wachache mno. Wengi walisikiliza hasa yale waliyokwisha kuyaamini. Waliochelewa kuamua nao waliathiriwa zaidi na jamaa, marafiki na wafanyakazi wenzao kuliko na matangazo.

Katika kitabu The People's Choice cha 1944, watafiti hao walieleza kwamba mara nyingi fikra hutoka redioni na magazetini, zikapokelewa na watu wanaosikizwa katika jamii, ndipo zikawafikia wengine.

Wapo waliompinga. Theodor Adorno, aliyefanya kazi katika mradi huo, alishikilia kwamba utamaduni haupimiki kwa takwimu. Naye Lazarsfeld hakudai kwamba vyombo vya habari havina madhara. Mnamo 1948, yeye na Robert Merton walionya kuwa wingi wa habari unaweza kumlevya raia, akadhani kulijua tatizo ni sawa na kulitatua.

Lazarsfeld alifariki jijini New York mwaka wa 1976. Mbinu yake ya kuwarudia watu wale wale kwa maswali ingali inatumiwa na watafiti wa uchaguzi, na utafiti wa Erie ungali unafundishwa vyuoni. Kabla ya kuilaumu au kuisifu redio, alitaka kwanza msikilizaji mwenyewe aulizwe.