John Williamson: mwanajiolojia aliyeifuata almasi hadi kwenye mwamba wake

Tarehe 6 Machi 1940, katika nyika ya Mwadui, Shinyanga, mwanajiolojia John Thoburn Williamson aliipata hazina aliyokuwa ameitafuta kwa miaka kadhaa katika Tanganyika ya wakati huo. Chini ya udongo ule kulikuwa na mwamba wa almasi wenye eneo la takriban hekta 146, ambao unahesabiwa miongoni mwa mikubwa kabisa duniani. Jina la Mwadui si geni kwa wasikilizaji wetu wa Jabe na Buyenzi, ambako familia nyingi zina jamaa zao Ujiji, Kigoma na Tabora. Maisha ya mtu aliyeufungua mgodi huo hayajulikani kwa kiasi hicho, nayo yana funzo kwa kila nchi yenye madini, Burundi ikiwemo.

Williamson alizaliwa mwaka 1907 huko Montfort, katika jimbo la Quebec nchini Kanada. Alipojiunga na Chuo Kikuu cha McGill alikusudia kusoma sheria, lakini safari ya utafiti wa miamba huko Labrador ilimgeuza nia. Alipata shahada ya uzamivu katika jiolojia mwaka 1933, wakati dunia ilipokuwa katika mdororo mkubwa wa uchumi. Akaja Afrika, akafanya kazi Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia, kisha akaajiriwa na kampuni iliyokuwa ikichimba almasi Mabuki, kusini mwa Mwanza. Mgodi ule ulikuwa na mavuno haba. Wenye kampuni walipokata tamaa, Williamson alibaki, akaendelea kutafuta kwa jina lake mwenyewe.

Miaka iliyofuata ilikuwa ya dhiki. Fedha zilimwishia, na malaria ilimrudia mara kwa mara. Aliyemshika mkono ni Iqbal Chand Chopra, wakili wa Mwanza mwenye asili ya Kihindi, ambaye baadaye alikuja kuwa mbia katika mgodi. Kilichomfanya Williamson asiiache kazi hiyo ni imani iliyojengwa juu ya elimu, kwamba almasi haizaliwi mahali inapookotwa.

Almasi ni kaboni, kitu kilekile kilichomo katika makaa. Huundwa katika kina cha kilomita 150 au zaidi chini ya ardhi, ambako joto na mgandamizo ni mkubwa mno. Hupandishwa juu na mlipuko wa volkano wa aina ya pekee, unaopenya kwa kasi na kuacha bomba la mwamba uitwao kimbalaiti, lenye umbo la karoti. Bomba la Mwadui lina umri wa makumi ya mamilioni ya miaka, ingawa nchi lililoitoboa ni kongwe kuliko hapo maradufu kwa maradufu. Mvua na mito humomonyoa mdomo wa bomba na kutawanya mawe yake mbali. Kwa hiyo mtafutaji mwenye elimu hafuati almasi peke yake, kwa kuwa ni adimu sana. Hufuata madini yanayopanda pamoja nayo, kama vile ganeti nyekundu na ilmenaiti nyeusi, ambayo ni mengi zaidi na huonyesha njia ya kurudi kwenye chimbuko.

Kulitambua jiwe lenyewe nako kunataka elimu. Wengi huamini kwamba jiwe linalokwaruza kioo ni almasi. Ukweli ni kwamba hata kwatzi, jiwe la kawaida kabisa, hukwaruza kioo. Katika kipimo cha ugumu cha Mohs, kwatzi ina daraja la 7 na almasi ina la 10, wala hakuna madini mengine ya asili yanayoikwaruza almasi. Uzito nao ni shahidi: kwatzi ina uzito wa takriban mara 2.65 ya maji ya ujazo uleule, na almasi mara 3.5. Tena almasi haishiki maji, bali hunata kwenye grisi, na migodi imeitumia tabia hiyo kuitenga na changarawe.

Mwadui ilikua ikawa mji wenye hospitali, shule na uwanja wa ndege. Mwezi Oktoba 1947 ilipatikana humo almasi ya waridi ya karati 54.5. Williamson aliitoa zawadi ya harusi kwa Binti Mfalme Elizabeth wa Uingereza, nayo baada ya kuchongwa ilibaki karati 23.6. Kampuni ya De Beers, iliyotawala biashara ya almasi duniani, ilitaka kuununua mgodi, lakini hakuuza maisha yake yote.

Hata hivyo, heshima anayostahili isitufiche upande wa pili. Ardhi ya Mwadui ilikuwa ya Wasukuma, na maelfu ya Waafrika ndio waliochimba na kuosha changarawe chini ya ulinzi mkali, bila hisa katika hazina ile. Williamson alifariki dunia Januari 1958 kwa saratani ya koo, akiwa na umri wa miaka 50. Hakuoa wala hakuacha mtoto. Mwaka huohuo warithi wake waliuuza mgodi, De Beers na serikali ya kikoloni ya Tanganyika wakagawana nusu kwa nusu. Ilibidi Tanzania iwe huru ndipo mgodi utaifishwe.

Madini ya Burundi yana nasaba nyingine. Bati na koltani, kama ile ya Kabarore, yalitokana na matale yaliyopoa chini ya ardhi yapata miaka bilioni moja iliyopita, ambapo majimaji ya moto yaliyosalia yalijipenyeza katika nyufa za miamba na kuacha humo madini mazito. Nikeli ya Musongati imerundikwa karibu na uso wa ardhi na mvua za enzi nyingi, zilizouozesha mwamba uliotoka chini sana. Kila mahali pana alama zake, na alama hizo husomwa na aliyefundishwa kuzisoma.

Mchimbaji asiyejua jina la jiwe lililo mkononi mwake hulazimika kupokea bei anayotajiwa na mnunuzi anayelijua. Williamson alikuja Shinyanga bila mali, akiwa na elimu ya miamba, na elimu hiyo ndiyo iliyoamua nani awe mwenye mgodi na nani awe kibarua. Kijana wa Jabe anayeingia darasani leo kusoma kemia na jiolojia anajiandaa kukaa upande wa anayelijua jiwe.