Mackay, Mzungu wa Kazi

Safari hii naomba tumkumbuke mtu ambaye sisi wa uhandisi tunaweza kumwita mwenzetu, ingawa alifariki mwaka 1890. Nimemchagua kwa sababu wengi wetu huku ughaibuni tunaishi maisha mawili: Jumapili ni ibada, siku zilizobaki ni maabara, asaimenti na kubeba boksi. Alexander Mackay hakuwa na maisha mawili.

Alizaliwa 13 Oktoba 1849 kijiji cha Rhynie, Uskoti. Baba yake alikuwa mchungaji na alitamani mwanawe afuate njia hiyo, ila moyo wa kijana ulikuwa kwenye mashine. Akasoma uhandisi Edinburgh, na mwaka 1873 akaenda Berlin, akapata kazi kwenye kampuni ya mitambo. Akiwa huko alitafsiri hata kitabu cha kalkulasi kutoka Kijerumani. Kwa kifupi, maisha yalikuwa yanamwendea vizuri. Lakini aliposikia kwamba chama cha misheni cha CMS kinatafuta watu wa kwenda kwa Kabaka Mutesa wa Buganda, akajitolea. Hakwenda kama mchungaji, alikwenda kama fundi.

Mwaka 1876 waliondoka watu wanane. Kabla ya 1877 kwisha, wanne walikuwa wameshafariki, wawili kati yao wakiuawa Ukerewe. Mackay mwenyewe aliugua njiani akarudishwa pwani. Hakukaa bure: akasimamia ukataji wa barabara kutoka Saadani hadi Mpwapwa, yapata maili 230. Buganda akafika Novemba 1878.

Kule alianza kufundisha Injili kwa Kiswahili, maana ikulu kilieleweka. Muda uliobaki alikuwa karakana, anafua chuma, anachonga mbao, anatengeneza bunduki mbovu za Kabaka. Vijana walikuja kushangaa moto na nyundo, wakaondoka wanajua kusoma. Herufi za kuchapia alizichonga mwenyewe. Mama yake Kabaka alipofariki 1882, Mackay alitengeneza majeneza matatu, moja ndani ya jingine, la kati likiwa la shaba. Watu wakamwita Muzungu wa kazi.

Sasa tusimfanye malaika. Mwaka 1879 alibishana vikali na mapadri Wakatoliki mbele ya Mutesa, na mfalme akabaki anajiuliza huyu Mungu wa Wazungu ni mmoja au wawili. Ugomvi huo wa madhehebu uliiletea Uganda vita baadaye. Pia alitaka Uingereza iingilie mambo ya Buganda, na sisi tunajua hadithi hiyo iliishia wapi.

Mutesa alifariki 1884, akarithiwa na Mwanga. Tarehe 31 Januari 1885 vijana watatu wa misheni, Yusufu Lugalama, Mako Kakumba na Nuwa Serwanga, waliuawa kwa moto. Mwaka uliofuata wakauawa wengi zaidi, Waanglikana na Wakatoliki. Mackay akabaki peke yake katika misheni yake. Mwanga hakutaka kumwachia kwa sababu alimhitaji kama fundi. Kwa hiyo mikono ileile iliyokuwa inafua chuma ndiyo iliyomwezesha kubaki na kuendelea kuwachapia waumini waliojificha karatasi za kusoma.

Mwaka 1887 alifukuzwa, akahamia Usambiro, kusini mwa ziwa Victoria. Stanley alipopita hapo 1889, Mackay hakuondoka naye kurudi Ulaya. Aliendelea kutafsiri na kuunda mashua. Malaria ikamchukua 8 Februari 1890, akiwa na miaka 40. Katika miaka 14 hakurudi kwao hata mara moja. Mabaki yake yalihamishiwa Namirembe mwaka 1927.

Ndugu zangu, Wakolosai 3:23 tunaujua kwa kichwa: kazi yoyote tuifanye kwa moyo, kana kwamba ni kwa Bwana. Tunasahau kwamba Paulo hapo alikuwa anazungumza na watumwa, watu wasiochagua kazi yao wala bosi wao. Basi neno hilo linamhusu hata anayeosha vyombo usiku hotelini ili alipe ada. Linamhusu pia wa maabara: data ikikataa kukaa sawa, usiipike. Ukiazima kifaa, kirudishe kizima. Mwanafunzi mgeni akishindwa hesabu, kaa naye nusu saa, hata kama hamsali kanisa moja. Hapo ndipo Mackay alipojikwaa, na sisi tunaweza kufanya vizuri zaidi yake.

Wale vijana wa Buganda hawakumwamini Mackay kwa mahubiri peke yake. Walikuwa wamemwona akifanya kazi. Je, wenzetu wa maabara na wa zamu ya usiku wanaona nini kwetu siku ya Jumatatu?