Fritz Haber: Mkemia aliyetoa mbolea hewani, kisha akageuza gesi kuwa silaha

Mkulima anayenunua mfuko wa urea dukani ananunua, bila kujua, kazi ya mwanasayansi aliyefariki mwaka 1934. Jina lake ni Fritz Haber. Wataalamu wanakadiria kwamba karibu nusu ya watu duniani leo wanakula chakula kilichooteshwa kwa msaada wa ugunduzi wake. Lakini huyo huyo anaitwa pia baba wa vita vya kemikali.

Ilikuwaje mtu mmoja akabeba sifa zote mbili?

Mtoto wa mfanyabiashara

Haber alizaliwa Desemba 9, 1868 katika mji wa Breslau, wakati huo ukiwa Prussia. Leo mji huo unaitwa Wrocław na uko Poland. Familia yake ilikuwa ya Kiyahudi na baba yake alifanya biashara ya rangi za viwandani. Mama yake alifariki wiki tatu tu baada ya kumzaa.

Alisoma kemia, akabadili dini na kuwa Mkristo, na mwaka 1894 akaanza kazi katika chuo cha ufundi cha Karlsruhe. Mwaka 1901 alimuoa Clara Immerwahr, naye mkemia, mwanamke wa kwanza kupata udaktari wa kemia katika Chuo Kikuu cha Breslau.

Tatizo la mkate

Wakati huo Ulaya ilikuwa na hofu ya njaa. Ngano inahitaji naitrojeni, na mbolea ya naitrojeni ilitegemea sana chumvi iliyochimbwa jangwani Chile, ambayo siku moja ingeisha. Cha ajabu, hewa yenyewe ni naitrojeni kwa takribani asilimia 78. Ipo tele, ila mimea mingi haiwezi kuila hivyo hivyo.

Haber alitaka kuiunganisha na haidrojeni ili apate amonia. Kwenye karatasi hesabu yake ni nyepesi, na wanafunzi wa sekondari wanaifanya mpaka leo: molekuli 1 ya naitrojeni hukutana na molekuli 3 za haidrojeni, zinatoka molekuli 2 za amonia. Kwa uzito, gramu 28 za naitrojeni zinahitaji gramu 6 za haidrojeni, na zinatoa gramu 34 za amonia.

Je, ukiwa na gramu 28 za naitrojeni lakini haidrojeni ni gramu 3 tu? Hapo ni kama fundi mwenye fremu 3 za baiskeli na magurudumu 10. Ataunda baiskeli 3, magurudumu 4 yatabaki. Kadhalika haidrojeni itaisha kwanza, utapata amonia gramu 17 basi, na gramu 14 za naitrojeni zitabaki bila kazi. Kitendanishi kinachoisha kwanza ndicho kinachoamua utapata kiasi gani.

Karatasi na maabara ni vitu viwili

Shida ya Haber ilikuwa kwingine. Hata vipimo vikiwa sawasawa, mmenyuko huu hauendi mpaka mwisho. Amonia inayotengenezwa huanza kuvunjika tena. Katika majaribio yake ya mwanzo, kwenye joto la nyuzi 1,000 hivi, alipata amonia chini ya asilimia 0.1. Yaani karibu hakuna kitu.

Joto likipunguzwa, amonia inakuwa nyingi zaidi, ila mmenyuko unakwenda polepole mno. Basi Haber na msaidizi wake Robert Le Rossignol wakachukua njia ya tatu. Waliongeza mgandamizo hadi karibu mara 200 ya hewa ya kawaida, wakashusha joto hadi nyuzi 500 na kitu, wakatumia madini ya osmiamu kama kichocheo.

Bado kila mzunguko ulitoa amonia kidogo. Hapo ndipo ulipokuja ujanja mkubwa: waliipoza gesi, amonia ikawa kimiminika na kutolewa, kisha gesi iliyobaki ikarudishwa ndani kuanza upya. Mavuno madogo yakirudiwa tena na tena yanakuwa makubwa.

Julai 1909 wataalamu wa kampuni ya BASF walishuhudia amonia ikidondoka tone kwa tone. Carl Bosch akaupeleka mtambo huo kwenye ukubwa wa kiwanda, wakatumia kichocheo cha chuma ambacho ni rahisi zaidi, na mwaka 1913 kiwanda cha Oppau kikaanza kazi.

Vita vyageuza kila kitu

Mwaka 1914 vita vikaanza. Ujerumani ilizuiwa kupata chumvi ya Chile, na amonia iliyokusudiwa mashamba ikaenda kutengeneza baruti.

Haber akaenda mbali zaidi. Aprili 22, 1915, karibu na Ypres nchini Ubelgiji, mitungi zaidi ya 5,000 ya klorini ilifunguliwa chini ya usimamizi wake. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, hivyo ilitambaa chini na kuwafuata askari wa Ufaransa na wa makoloni yake ya Afrika Kaskazini ndani ya mahandaki. Haber akapandishwa cheo kuwa kapteni.

Mei 2, Clara alijiua kwa bastola ya kijeshi ya mumewe. Wengi wamekihusisha kifo hicho na gesi, ingawa ndoa yao ilikuwa na matatizo ya muda mrefu. Siku iliyofuata Haber aliondoka kwenda uwanja wa vita wa mashariki.

Nobel, dhahabu na uhamisho

Alipewa Tuzo ya Nobel ya Kemia ya mwaka 1918 kwa kazi ya amonia, na wanasayansi kadhaa walilalamika. Kisha akajaribu kuvuna dhahabu kutoka maji ya bahari ili Ujerumani ilipe fidia ya vita. Vipimo vikaonyesha dhahabu ni kidogo mno, karibu mara elfu moja chini ya ilivyodhaniwa. Akaacha.

Mwaka 1933 Wanazi waliagiza Wayahudi wafukuzwe kwenye taasisi za umma. Haber, aliyeitumikia Ujerumani kwa kila alichonacho, alijiuzulu na kuondoka. Alifariki Basel, Uswisi, Januari 29, 1934, akiwa na miaka 65.

Hakuona yaliyofuata. Sumu ya wadudu iliyotokana na utafiti wa taasisi yake iliboreshwa na wengine, na baadaye Wanazi wakaitumia kuua watu makambini, wakiwemo baadhi ya jamaa zake.

Mabaki ya Clara yalihamishiwa Basel, na leo wawili hao wamelala kaburi moja.