Harvey Cushing: Daktari wa ubongo aliyeanza kwa kuuliza habari za sikio

Mjini Juba, mtu ambaye sikio lake moja linapoteza usikivu taratibu, huku likivuma mlio usiokoma, anaweza kudhani kwamba ni nta au umri tu. Huenda ndivyo ilivyo. Mara chache, hata hivyo, chanzo huwa nyuroma ya akustika, uvimbe usio saratani unaoota kwenye mshipa wa fahamu unaounganisha sikio na ubongo. Daktari aliyeufundisha ulimwengu kuutambua ugonjwa huo ni Mmarekani Harvey Cushing.

Cushing alizaliwa Cleveland mwaka 1869, akiwa kitindamimba katika familia ya watoto 10. Baba yake alikuwa daktari. Alihitimu udaktari Harvard mwaka 1895, kisha akajifunza upasuaji katika hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore.

Wakati huo, wenye uvimbe huu walifika hospitali wakiwa wamechelewa: macho yamefifia, kichwa kinauma, hatua zinayumba. Wapasuaji mashuhuri wa Ulaya waliung'oa kwa haraka, hata kwa kidole. Wagonjwa wengi walikufa.

Cushing alichagua mwendo wa polepole. Alifuatilia shinikizo la damu wakati wa upasuaji na, mwaka 1911, akaanza kutumia vibanio vidogo vya fedha kuzuia damu kuvuja. Badala ya kuung'oa uvimbe wote, aliukomba ndani na kuliacha ganda lake, ili asiguse shina la ubongo. Vifo vikapungua sana.

Mwaka 1917 alichapisha kitabu kuhusu uvimbe huo, kilichojengwa juu ya historia za wagonjwa wapatao 30. Humo alionyesha kwamba dalili hufuatana kwa utaratibu: kwanza sikio moja, kisha mwili kupoteza mizani, na baadaye sana maumivu ya kichwa na kufifia kwa macho. Aliyesikiliza vizuri simulizi ya mgonjwa aliweza kujua uvimbe ulianzia wapi, ingawa hakukuwa na mashine ya kuuona.

Njia yake ilikuwa na kasoro. Mabaki ya uvimbe yaliweza kukua tena. Walter Dandy, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alithibitisha katika miaka ya 1920 kwamba uvimbe wote unaweza kuondolewa. Uhusiano wa wawili hao ulikuwa wa mvutano.

Mwaka 1926 Cushing alitunukiwa tuzo ya Pulitzer kwa kitabu cha maisha ya daktari William Osler. Mwaka huohuo mwanawe wa kwanza alifariki katika ajali ya gari. Asubuhi alipopata habari hiyo, aliingia chumba cha upasuaji kama ilivyopangwa. Alifariki New Haven mwezi Oktoba 1939, akiwa na umri wa miaka 70.

Leo uvimbe huo huthibitishwa kwa picha za MRI. Mdogo huweza kufuatiliwa tu, kwani baadhi haukui. Mwingine hutibiwa kwa mionzi au upasuaji. Kutoka Juba, wengi wanaohitaji huduma hiyo na wenye uwezo husafiri hadi Nairobi, Kampala au Cairo. Safari hiyo ni ghali, na uvimbe ukigunduliwa mapema matibabu huwa mepesi zaidi. Swali la Cushing, sikio lipi lilianza na lini, halihitaji mashine. Usikivu unaopungua upande mmoja pekee ni sababu tosha ya kumwona daktari.