Mzee wa Vitofali: Fröbel na Watoto Waliofunzwa Kutazama

Januari ikifika, wazazi wa huku kwetu Mombasa huzunguka nasari moja baada ya nyingine, na maswali yao kwa mwalimu hayabadiliki. Mtoto ataanza lini kuandika? Kiingereza mnasomesha kutoka siku ya kwanza? Homuweki mnatoa? Mtoto mwenyewe ana miaka mitatu na nusu, yuko mlangoni kambeba begi lililomzidi mgongo. Bado sijamsikia mzazi akiuliza kama shule ina udongo wa kufinyanga, au rangi, au hata karatasi za kukunja.

Nilipokuwa nikisomea diploma ya elimu ya watoto wadogo, jina la Friedrich Fröbel lilikuwa ni la kukariri tu. Mjerumani, mwanzilishi wa chekechea, funga daftari, twende mbele. Maisha yake hatukusimuliwa. Nimeyasoma baadaye kwa hamu yangu mwenyewe, na leo nataka kuyasimulia, maana huyu mzee alipigania jambo ambalo sisi tunaliacha litoke mikononi mwetu huku tukilipa karo.

Alizaliwa tarehe 21 Aprili 1782 katika kijiji cha Oberweissbach, kwenye milima yenye misitu ya Thuringia, Ujerumani. Baba yake alikuwa mchungaji wa kanisa, mtu wa kazi nyingi na maneno machache. Mama alifariki Friedrich akiwa hajatimiza mwaka mmoja. Baba akaoa tena, na mama wa kambo alipopata mtoto wake, huyu mwingine akawekwa kando. Mwenye kulea yatima anajua mtoto wa namna hiyo anavyokuwa. Friedrich alikaa peke yake bustanini akitazama maua, wadudu na mawe. Shuleni alionekana mzito wa kufahamu. Akiwa na miaka kumi alichukuliwa na mjomba wake, na huko ndiko alikoonja mapenzi ya nyumbani.

Ujana wake ulikuwa wa kuhangaika. Alipelekwa kwa bwana misitu akajifunze kazi, kisha akaingia chuo kikuu cha Jena mwaka 1799, na huko akafungwa wiki tisa katika gereza la chuo kwa sababu ya deni. Akajaribu hili na lile. Mwaka 1805 alikwenda Frankfurt kusomea ujenzi, na mkuu wa shule moja akamshauri ajaribu kufundisha. Aliposimama mbele ya watoto alijihisi kama samaki aliyerudishwa majini. Baadaye alikwenda Uswisi kwa Pestalozzi, mwalimu aliyesifika Ulaya nzima wakati huo kwa kufundisha watoto kwa vitu vya kushika badala ya maneno matupu, na akakaa naye kuanzia 1808 hadi 1810.

Mengine nitayapita haraka: vita dhidi ya Napoleon alivyojitolea kwenda mwaka 1813, na masomo yake ya hapa na pale. Pa kusimama ni Berlin. Baada ya vita alipata kazi katika jumba la kuhifadhia madini, akimsaidia Profesa Weiss. Kazi yake ilikuwa ni kupanga na kuchunguza fuwele, yale mawe yanayojiunda yenyewe ardhini kwa pande zilizonyooka na pembe zilizo sawa. Kutwa nzima yuko peke yake na mawe. Hapo ndipo ilipomkaa akilini fikra ambayo hakuiacha tena: kwamba umbo lina mpango, kwamba uzuri wa kitu unatokana na mpango huo, na kwamba mtoto mdogo anaweza kuufahamu kwa vidole vyake kabla hajaweza kuusema kwa ulimi. Kwangu mimi, miaka ile miwili ya mawe ilimfaa kuliko vyuo vyote alivyopita.

Mwaka 1816 aliacha kazi na mshahara wake, akafungua shule ndogo kijijini Griesheim. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa watoto wa ndugu zake, baadhi yao mayatima wa kaka yake aliyekufa kwa homa wakati wa vita. Mwaka uliofuata shule ikahamia Keilhau. Akaoa mwaka 1818, mke msomi kutoka Berlin, Henriette Wilhelmine Hoffmeister, ambaye aliacha maisha ya mjini akaja kula mkate mkavu na mume mwenye ndoto. Mwaka 1826 alichapisha kitabu chake kikubwa juu ya malezi ya mwanadamu. Ni kitabu kigumu, nisiwadanganye. Fröbel alikuwa na kalamu nzito, na msomaji hulazimika kuchimba sana kabla ya kupata maji.

Kisha akarudi Uswisi, na katika mji wa Burgdorf akasimamia nyumba ya mayatima. Huko ikamdhihirikia kwamba mtoto anapofika shule akiwa na miaka sita au saba, mengi yamekwisha kupita. Miaka ya mwanzo, ile ambayo watu waliihesabu kuwa ni ya kulisha na kuogesha tu, ndiyo iliyokuwa ikipotea. Mwaka 1837, akiwa amerudi Ujerumani, alikuwa na umri wa miaka 55, wakati ambao wenzake walikuwa wakifikiria kupumzika. Yeye akaanza upya katika mji mdogo wa Blankenburg, akitengeneza vitu vya watoto kuchezea. Aliviita zawadi.

Zawadi ya kwanza ilikuwa mipira sita laini ya sufu, yenye rangi nyekundu, njano, buluu, chungwa, kijani na zambarau, kila mmoja na kamba yake. Mama humning'inizia mtoto wa mkononi, akauyumbisha, akauficha, akaurudisha. Ya pili ilikuwa ya mbao: tufe, mchemraba na mcheduara. Tufe linabingirika kila upande, mchemraba unakaa pale unapouweka, na mcheduara, ulio kama kopo, unafanya yote mawili. Mtoto haelezwi hayo. Anapewa, anaona mwenyewe.

Ya tatu ndiyo ninayoipenda. Kisanduku chenye mfuniko wa kusukuma, na ndani yake mchemraba uliokatwa ukawa vitofali vinane vilivyo sawa. Mwalimu anakipindua kisanduku juu ya meza, anavuta mfuniko, anakinyanyua taratibu, na mchemraba unabaki mzima mbele ya mtoto. Kutoka hapo kuna njia tatu za kucheza. Mtoto anaweza kujenga vitu vya maisha: kiti, kitanda, ukuta, jahazi. Anaweza kugawanya mafungu, nusu na robo, na hiyo ni hesabu ambayo hajui kuwa ni hesabu. Na ya tatu Fröbel aliiita maumbo ya uzuri. Vitofali vinapangwa juu ya meza iliyochorwa miraba, vinne katikati na vinne pembeni, na ukisogeza kimoja huku sharti umsogeze na mwenzake upande wa pili, ili pambo lisipoteze mizani. Kila hatua inazaa pambo jipya kutoka lile lililotangulia.

Alikuwa na masharti mawili. Vitofali vyote vitumike, kisibaki kimoja kando bila kazi. Na pambo lisibomolewe ili kuanza jingine, bali ligeuzwe kidogo kidogo mpaka liwe jingine. Fikirieni mtoto wa miaka minne anayejifunza hilo kwa mikono yake. Anajifunza kutazama alichokifanya kabla ya kukigusa tena, na wengi wetu watu wazima hilo linatushinda.

Baada ya zawadi zikaja kazi za mikono: kukunja karatasi, kutoboa kadi kwa sindano na kushona juu ya tundu hizo, kufinyanga udongo, kuunganisha vijiti kwa mbaazi zilizolowekwa, na kusuka vipande vya karatasi, kimoja juu kimoja chini. Nilipofika hapo katika kusoma kwangu nilicheka peke yangu. Kimoja juu kimoja chini, si ndio ukili huo? Kutoboa na kushona, si ndiyo kofia ya mkono ya Lamu, ile inayojaa tundu ndogondogo za sindano? Bibi zetu walikuwa na mtaala huu barazani bila kuandika kitabu. Mtoto aliyekaa karibu na mama yake anayesuka mkeka alikuwa akihesabu, akichagua rangi, akijua pambo linapokosewa. Mtoto aliyetengeneza ngalawa kwa ndara iliyokatika, au tiara kwa gazeti na njiti za makuti, alikuwa fundi. Leo ndara ikikatika inatupwa, na mtoto amekabidhiwa simu.

Nawajua wenzangu wanaosita wakisikia habari ya sanaa, wakidhani lazima mtoto achore watu na wanyama, jambo ambalo wanazuoni wetu wana maneno yao juu yake. Lakini tazameni maumbo ya uzuri ya Fröbel. Ni miraba na pembetatu na nyota, ndugu zake yale yaliyochongwa kwenye milango ya Mji wa Kale na kwenye plasta za zidaka za Lamu. Mtoto anaweza kupelekwa mbele ya mlango mmoja tu wa Mji wa Kale, akaachwa autazame kwa dakika kumi, atafute pambo linalojirudia, kisha arudi kulijenga kwa vitofali. Vitofali vinane seremala yeyote anaweza kuvikata kwa mabaki ya mbao, na gharama yake haifiki bei ya lile begi.

Turudi kwa mzee. Mwaka 1840 alikipa kituo chake jina la Kindergarten, yaani bustani ya watoto, na kweli kila mtoto alikuwa na kitalu chake cha kupanda na kumwagilia maji. Mke wake Wilhelmine hakuliona jina hilo, kwani alifariki mwaka 1839. Pesa hazikutosha. Alijaribu kuuza hisa kwa kina mama wa Ujerumani ili kazi isimame kwa miguu yake, na walionunua wakawa wachache. Mwaka 1844 akatoa kitabu cha nyimbo na michezo ya vidole kwa ajili ya kina mama. Alianza pia kuwafunza wasichana kuwa walimu wa watoto wadogo, wakati ambapo kazi za heshima kwa mwanamke zilikuwa za kuhesabika kwa vidole vya mkono mmoja, na kwa hilo alichekwa na walimu wanaume waliokuwa na vyeti. Alipohamia Liebenstein mwaka 1849, watu wa pale walimwona zuzu: mzee wa nywele ndefu anayerukaruka kilimani na watoto wa wakulima. Bibi mmoja wa ukoo wa makabaila, Bertha von Marenholtz-Bülow, akaenda kumtazama huyo zuzu. Alipomwona kazini akawa mtetezi wake mpaka mwisho.

Mwaka 1851 alioa tena, Luise Levin, mwanafunzi wake. Harusi haijapoa, mwezi wa Agosti waziri wa Prussia akapiga marufuku chekechea zote katika dola hiyo, kwa tuhuma kwamba zinafunza watoto ukafiri na siasa za kisoshalisti. Chanzo kikubwa kilikuwa mchanganyo wa majina. Mpwa wake Karl Fröbel alikuwa ameandika kijitabu kuhusu elimu ya wanawake, na wakubwa hawakutaka kutofautisha Fröbel na Fröbel. Mzee aliandika kujitetea, akamwandikia hata mfalme. Haikusaidia. Mtu aliyejenga kila kitu juu ya imani kwamba Mungu ameviumba vitu vyote kwa umoja na mpango, akahukumiwa kuwa ni mkana Mungu. Alifariki tarehe 21 Juni 1852 huko Marienthal, marufuku ikiwa bado ipo. Iliondolewa mwaka 1860.

Kufikia hapo walimu aliowafunza walikuwa wamekwisha tawanyika. Mwaka 1856 Mjerumani mmoja, Margarethe Schurz, alifungua chekechea nyumbani kwake Watertown, Wisconsin, na kutoka hapo Marekani ikaenea. Mwaka 1876, katika maonyesho makubwa ya Philadelphia, mama mmoja aliziona zawadi za Fröbel akamnunulia mwanawe aliyekuwa na miaka tisa. Mtoto huyo alikuwa Frank Lloyd Wright, ambaye baadaye akawa mchoraji majengo mashuhuri kuliko wote nchini mwake, na hata uzeeni alivitaja vile vitofali kuwa ndio mwalimu wake. Haki isemwe pia kwamba waliomfuata Fröbel walimharibia. Wengi waligeuza michezo yake kuwa gwaride: watoto ishirini, tofali la kwanza kushoto, tofali la pili kulia, kwa amri ya mwalimu. Yaani hata vitofali vinaweza kufanywa homuweki.

Huku kwetu, tangu katiba ya 2010, elimu ya chekechea iko mikononi mwa kaunti, na mtaala mpya umeweka shughuli za ubunifu kwa watoto wa PP1 na PP2. Kwenye karatasi zipo. Mzazi anayepeleka mtoto Januari ijayo ana haki ya kuomba aoneshwe kabati la vifaa vya shughuli hizo, na aangalie kama vimetumika au vingali kwenye mifuko yake ya nailoni.

Fröbel alizikwa Schweina, karibu na pale alipofia. Juu ya kaburi lake yamewekwa mawe matatu, moja juu ya jingine: chini mchemraba, katikati mcheduara, na juu kabisa tufe.