Rashidi Mfaume Kawawa na Haki za Wafanyakazi Tanzania

Msimu wa pamba unapofunguliwa, vijana wengi wa Bariadi, Maswa na Itilima hupata kibarua kwenye viwanda vya kuchambua pamba. Wengine huajiriwa madukani au kwenye ujenzi, na wamo waliomaliza kidato cha nne mwaka uliotangulia. Kijana anayeulizia malipo ya saa za ziada au notisi ya kuachishwa kazi anadai haki zenye historia ndefu. Historia hiyo tunaisoma hapa kupitia maisha ya Rashidi Mfaume Kawawa, ambaye alikaa pande zote mbili za meza: kwanza upande wa wafanyakazi, kisha upande wa serikali.

Maisha ya mwanzo

Kawawa alizaliwa mwaka 1926 katika kijiji cha Matepwende, Songea, eneo ambalo leo limo katika Wilaya ya Namtumbo, Mkoa wa Ruvuma. Alisoma shule ya serikali Tabora, kisha akaajiriwa serikalini kama karani na baadaye katika ustawi wa jamii. Wakati huo pia aliigiza katika filamu ya Muhogo Mchungu.

Chini ya ukoloni, mshahara ulifuata rangi ya mtu. Mwafrika alilipwa kidogo kuliko Mhindi na Mzungu, na nafasi za juu hakuzifikia. Kawawa akawa kiongozi wa chama cha watumishi Waafrika wa serikali (TAGSA).

Kiongozi wa wafanyakazi

Mwaka 1955 vyama vya wafanyakazi viliungana na kuunda Shirikisho la Wafanyakazi Tanganyika (TFL). Kawawa alichaguliwa kuwa Katibu Mkuu. Watumishi wa serikali walikatazwa kujiunga na TANU, hivyo mwaka 1956 aliacha kazi ya serikali ili awe huru kuwatumikia wafanyakazi na chama. Aliacha mshahara wa uhakika kwa kazi ambayo haikuwa na uhakika wowote.

Miaka iliyofuata migomo iliongezeka mijini, bandarini na kwenye mashamba ya mkonge. Mwaka 1958 wafanyakazi wa kiwanda cha bia Dar es Salaam walipogoma, TANU iliwaunga mkono kwa kuwataka wananchi wasusie bia. Mwaka 1960 wafanyakazi wa reli, wakiongozwa na Christopher Kasanga Tumbo, waligoma kwa siku 82. Mkoloni aliona kwamba madai ya mshahara na madai ya uhuru yalikuwa yanakwenda pamoja.

Upande wa pili wa meza

Mwaka 1960 Kawawa aliingia serikalini kama waziri. Nyerere alipojiuzulu Uwaziri Mkuu, Kawawa alishika nafasi hiyo Januari 22, 1962. Serikali yake ilipandisha kima cha chini cha mshahara na kutunga sheria ya kiinua mgongo. Wafanyakazi wengi walifaidika, ingawa baadhi ya waajiri, hasa wa mkonge, walijibu kwa kupunguza watu.

Mwaka huohuo wa 1962 ilipitishwa pia sheria ya kusuluhisha migogoro ya kazi. Kila mgogoro ulipaswa kupelekwa kwenye usuluhishi, na uamuzi wa baraza uliwabana wote. Kwa vitendo, mgomo halali ulikuwa karibu hauwezekani. Hoja ya serikali ilikuwa kwamba nchi changa na maskini haiwezi kujengwa huku kazi zikisimama. Viongozi kama Tumbo walipinga, wakiamini kwamba mfanyakazi asiye na mgomo hana nguvu mbele ya mwajiri, hata kama mwajiri huyo ni serikali ya wananchi.

Baada ya maasi ya wanajeshi ya Januari 1964, viongozi wengi wa vyama vya wafanyakazi walikamatwa. TFL, shirikisho ambalo Kawawa alikuwa Katibu Mkuu wake wa kwanza, ilivunjwa. Mahali pake kiliundwa chama kimoja, NUTA, kilichofungamana na TANU. Hata hivyo, mwaka huohuo ilitungwa sheria ya usalama wa ajira, iliyoanzisha kamati za wafanyakazi na kumzuia mwajiri kufukuza watu ovyo.

Kawawa aliendelea kuwa Makamu wa Pili wa Rais, kisha Waziri Mkuu tena kuanzia 1972 hadi 1977. Alifariki Desemba 31, 2009.

Sheria ya leo

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya 2004 ilirudisha haki ya kugoma, lakini kwa masharti. Mgogoro lazima kwanza upitie usuluhishi, na wafanyakazi wa huduma muhimu kama afya, maji na umeme wamewekewa mipaka. Sheria hiyo pia inaweka saa za kawaida zisizozidi 45 kwa wiki, na malipo ya saa za ziada ya mara moja na nusu ya mshahara wa saa. Anayelipwa kwa mwezi hupewa notisi ya siku zisizopungua 28, isipokuwa akiwa katika mwezi wa kwanza wa kazi. Aliyeachishwa isivyo haki hupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA) ndani ya siku 30. Ukichelewa, unaweza kuipoteza haki yako hata kama kweli umeonewa.

Zingatia

Watahiniwa wengi huandika kwamba vyama vya wafanyakazi vilisaidia kuleta uhuru, wakaishia hapo. Jibu kamili linaendelea: baada ya uhuru serikali iliboresha mishahara na ulinzi wa ajira, lakini ilichukua uhuru wa vyama na mgomo. Taja pande zote mbili, kisha toa msimamo wako na sababu zake.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa nini Kawawa aliacha kazi ya serikali mwaka 1956.
2. Linganisha hatua za mwaka 1962 zilizomsaidia mfanyakazi na zile zilizombana.
3. Kibarua wa kiwanda cha pamba ameachishwa bila sababu na bila notisi. Mshauri hatua za kuchukua kwa mujibu wa sheria ya 2004.